Kabla ya Idd, Ukurasa wa Kwanza

Mwanangu Najib alipokuja kutoka Eastleigh kula Idd ndogo pamoja nasi, alimaliza sahani nzima ya wali na nyirinyiri, nyama yetu ya kukausha na kukaanga, kabla ya kusema lolote. Halafu alijifuta mkono, akatoa simu, akaandika neno moja.

"Hooyo, tazama," akaniambia. Hooyo ni mama kwa Kisomali. "Nimeandika nyirinyiri kwenye Google. Sasa niambie wewe uko wapi hapa."

Nilivaa miwani nikatazama. Niliona duka la Nairobi. Niliona mapishi ya mtu aliyetia nyanya ndani ya nyirinyiri, Mungu amsamehe. Niliona nyama kavu ya Wamarekani. Najib alifungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Nyirinyiri ya Galbet, biashara yetu yenye jina la mtaa wetu hapa Garissa, haikuwemo.

"Labda simu yako ina njaa," akasema Qabale, jirani yangu ninayepika naye. "Iwekee chaji kwanza."

"Simu imeshiba, Mama Qabale. Sisi ndio hatupo," akasema Najib.

Tulicheka wote isipokuwa Hinda. Hinda ni mjukuu wangu. Baba yake, ambaye ni kaka mkubwa wa Najib, alifariki Hinda akiwa bado ananyonya, na tangu siku ile Najib ndiye aliyemlipia karo, akamnunulia viatu, na mwishowe akamnunulia ile laptopu. Kwa hiyo Najib alipozungumza, Hinda alisikiliza.

"Mwaka mzima umekaa mbele ya mashine hii," Najib akamwambia, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Ulisema utamletea ayeeyo wako wateja kutoka kila pembe. Wako wapi? Mimi kwenye duka langu la vitambaa nahitaji mtu wa kuaminika. Njoo Eastleigh, ukae kwenye kaunta, upate mshahara wako."

"Adeer, nipe mpaka Idd kubwa," Hinda akasema. Adeer ni amu, ndugu wa baba, na ayeeyo ni bibi.

"Na Idd kubwa kutakuwa na nini?"

"Utaandika neno hilo hilo, na utatuona ukurasa wa kwanza."

"Wa kwanza, si wa pili. Nani hufungua wa pili?"

"Wa kwanza."

"Na msipoonekana?"

"Nitafunga begi mwenyewe, adeer. Hutanisikia nikilalamika."

Najib alimpa mkono kama wanaume wanavyopeana sokoni wakati wa kununua ngamia, na Hinda akaupokea. Nilijua mtoto huyu hataki kuuza vitambaa. Alitaka kazi ya mikono yake na akili yake, na alitaka kuifanya hapa hapa Garissa. Alikuwa ameiweka rehani kazi hiyo kwa neno moja tu.

Nieleze ilikuwa kazi gani, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Hinda alipomaliza chuo alikosa ajira, akaanza kwenda kituo cha vijana mjini, ambako mwalimu mmoja aitwaye Fowsiya alifundisha bure mambo ya mtandao. Fowsiya ni mwanamke mwenye subira. Darasa likiisha, alikuwa akimwachia Hinda ufunguo ili aendelee kujifunza penye feni, kwa sababu nyumba yetu ni ya mabati na mchana inachemka. Sijasahau ufunguo huo.

Siku moja nilimuuliza Hinda anajifunza nini hasa. Hakunitajia maneno makubwa. Aliniuliza, "Ayeeyo, mgeni akishuka stendi akauliza maziwa mazuri ya ngamia yako wapi, ataambiwaje?"

"Ataambiwa aende kwa Osob."

"Akiuliza mtu mwingine?"

"Ataambiwa kwa Osob."

"Na Osob hujitangaza?"

"Osob! Osob hata wateja hawasemeshi."

"Basi Google ni kama mgeni huyo. Inapita kila mahali ikisikiliza nani anatajwa. Anayetajwa na wengi, tena wengi wenye heshima zao, ndiye huwekwa mbele. Na kutajwa kwenyewe kunaitwa linki. Mtu anaandika habari kwenye ukurasa wake, anaweka jina letu, na msomaji akiligusa anafika kwetu moja kwa moja."

Hapo nilielewa. Lakini aliniambia kwamba kabla ya kutajwa lazima nyumba yako iwe imefagiwa, mgeni akifika asijutie safari. Kwa hiyo alitengeneza tovuti, akaanza kutafuta maswali ambayo watu huyaandika kwenye simu zao kuhusu nyirinyiri. Alikuja nayo jikoni tukiwa tunakatakata nyama.

"Watu wanauliza, nyirinyiri hukaa muda gani bila friji?"

"Inategemea una watoto wangapi," akasema Qabale.

Hinda alicheka, lakini aliandika jibu la kweli: kwamba nyama ikikatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa ikakauka vizuri, ikakatwa tena vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa mpaka maji yote yaishe, kisha ikafunikwa na samli yenye iliki, itakaa miezi. Aliandika ni nyama gani hutumika. Aliandika jinsi ya kuila asubuhi na anjera, mkate wetu mwembamba laini. Kila swali alilipa ukurasa wake na jibu lake, kwa lugha ambayo mtu wa Kisumu au Kilifi angeielewa.

Tatizo likawa picha. Alitaka kupiga picha sufuria ikiwa imejaa, na Qabale akaifunika kwa mwili wake wote.

"Hapana! Chakula imejaa, unaionyesha dunia nzima? Jicho la watu itatuua."

"Mama Qabale, mtu hawezi kununua kitu asichokiona."

"Piga picha ya kifuniko."

Walibishana mpaka mafuta yakaanza kuungua. Mwishowe Hinda aliahidi kuandika mashallah chini ya kila picha, na kweli aliandika. Hata leo ukifungua utaiona. Qabale humfanya Hinda amsomee moja moja.

Tovuti ilianza kupanda polepole. Ilifika ukurasa wa sita, ikakaa pale kama ngamia aliyegoma. Fowsiya aliitazama akasema nyumba imefagiwa vizuri, ila hakuna mtu njiani anayemwelekeza mgeni. "Sasa watafute wanablogu," akamwambia Hinda. "Watu wanaoandika juu ya mapishi, safari, milima. Waombe wakutaje."

Hinda aliwaandikia wengi. Kila asubuhi alifungua barua pepe kabla hata ya kunywa chai, na kila asubuhi niliusoma uso wake bila kuuliza. Hakuna aliyejibu.

Siku moja nilimwomba anisomee alichokuwa akiwaandikia. Akasoma: "Habari. Nimependa blogu yako. Tuna tovuti ya nyirinyiri. Tafadhali weka linki yetu kwenye ukurasa wako. Asante."

"Endelea," nikamwambia.

"Imeisha, ayeeyo."

"Imeisha?"

"Kwenye kozi wanasema barua iwe fupi."

"Mtoto wangu, umemsimamisha mtu njiani ukamshika shati. Hata mvua hujamuuliza!"

Kwetu watu wawili wakikutana, hata wawe hawajuani, hupeana habari kwanza. Mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani mgonjwa, nani amejifungua. Ukiwa na haja, hutangulizi haja. Unaketi, unakunywa, unatoa habari zako zote, na mwenyeji ndiye atakayekuuliza, "Haya, na sisi tukusaidie nini?" Mgeni anayeanza na ombi lake huonekana hana wazazi.

Basi tuliketi pamoja, mimi, Hinda na Qabale, tukaandika upya. Hinda alisoma kwanza blogu ya kila mtu ili tujue tunaongea na nani. Kulikuwa na dada mmoja wa Chogoria aitwaye Gatwiri, anayepanda Mlima Kenya na kuandika juu ya chakula cha kubeba begani. Tulimwandikia hivi: "Dada Gatwiri, tunatumaini u mzima. Huku Garissa mvua imenyesha upande wa Balambala na mto umejaa, lakini Bura bado wanangoja. Mifugo ni wazima. Tumesoma ulivyoteleza kwenye matope ukaumia mguu na yule mwenzako akakubebea begi mpaka kambini. Mwambie tumemsifu. Je, mguu umepona? Na huko kwenu mvua ikoje?" Chini tuliandika majina yetu, na jina la Nyirinyiri ya Galbet.

Wallahi, walijibu! Si wote, lakini wengi. Gatwiri alisema mguu umepona, na kwao mvua imezidi mpaka viazi vinaoza shambani. Kaka mmoja wa Mombasa anayeitwa Chengo, mwandishi wa mapishi ya pwani, alitueleza kwamba mama yake amelazwa. Tulimwombea dua, tukamwandikia tena kumuuliza hali. Kila Qabale alipoingia uani kwangu, kabla ya salamu aliuliza, "Mama ya Chengo amekula leo?" Barua zilienda na kurudi. Tulijua watoto wa watu, paka wa watu, mashamba ya watu. Hinda alianza kuimba tena akifua.

Fowsiya alipokuja kututembelea, tulimsimulia kwa furaha kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, kisha akauliza, "Na wangapi wameweka linki?"

"Bado, mwalimu," Hinda akasema.

"Bado? Wamekataa?"

"Hawajakataa."

"Mliwaombaje?"

Tulitazamana. Hinda alinitazama mimi, mimi nikamtazama Qabale, Qabale akatazama kikombe chake.

"Kuomba?" nikasema. "Tulikuwa tunangoja watuulize tuna haja gani."

Fowsiya aliweka kikombe chini asije akakiangusha kwa kicheko. Naye ni Msomali, kwa hiyo alielewa haraka, na ndiyo maana alicheka zaidi. "Mama Sahara," akaniambia, "mimi ningewauliza. Lakini huyo Gatwiri ni Mmeru! Atajuaje kwamba kazi ya kuuliza ni yake? Anadhani mmempenda tu."

"Lakini tumempenda kweli," nikasema.

"Najua. Na Idd kubwa iko mlangoni."

Kicheko kilikatika hapo. Hinda aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nilimwacha kidogo, kisha nikamfuata, nikamshikia kapu.

"Nimepoteza wiki nzima nzima, ayeeyo," akasema. "Na sasa nikiwaomba, wataona nilikuwa nawadanganya kwa salamu."

"Ulikuwa unawadanganya?"

"Hapana."

"Basi mwenye haja huitoa. Shingo ya kuinama kwa kuomba itakuuma siku moja tu."

Jioni hiyo alifungua laptopu na kuanza kusoma blogu ya Gatwiri upya, kila ukurasa, hata ya zamani. Na hapo ujuzi wake ukamfaa. Katika habari moja, Gatwiri alikuwa ameandika juu ya vyakula vya mlimani, na kwenye nyama kavu alikuwa amewaelekeza wasomaji kwenye duka moja. Hinda aligusa linki ile. Haikufungua kitu. Duka lilikuwa limekufa, na tovuti yake imekufa nayo.

Alimwandikia: "Dada Gatwiri, nina habari na nina ombi. Habari ni kwamba kwenye ukurasa wako wa chakula cha mlimani kuna mlango uliofungwa. Wasomaji wako wakigusa pale penye nyama kavu hawafiki popote. Ombi ni kwamba sisi tunapika nyama inayokaa miezi bila friji, na tumeandika kila kitu juu yake. Ukiona inafaa, tuelekezee watu mahali pale. Ukiona haifai, futa tu ile linki ya zamani, na sisi tutaendelea kukuuliza habari za mguu." Halafu aliwaandikia na wengine, kila mmoja barua yake mwenyewe. Hakunakili hata moja.

Chengo alijibu wa kwanza. "Mama ameruhusiwa, yuko nyumbani anagombana na kila mtu. Mbona hamkusema tangu mwanzo? Nimeshawaweka." Qabale alipiga kigelegele, na sijui kilikuwa cha linki au cha mama. Mwalimu mmoja wa Wajir anayeandika juu ya vyakula vya wafugaji alituweka pia, kisha dada wa Nakuru. Tovuti ikatoka ukurasa wa sita, ikaja wa nne, ikaja wa pili.

Gatwiri alijibu kwa ukweli wake. Alishukuru kwa kuambiwa juu ya linki iliyokufa, akaifuta. Lakini akasema, "Siwezi kuwaelekeza watu kwenye chakula ambacho mimi mwenyewe sijakila. Nitumieni kidogo. Mvua ikipungua napanda na wenzangu, nitakibeba."

Hakuna siku tuliyopika kwa heshima kama hiyo. Tulichagua nyama ya ngamia mchanga, tukaanika juu ya kamba chini ya chandarua, tukapokezana kuilinda dhidi ya kunguru. Qabale alisaga iliki yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiificha kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nilimwambia aitunze. Akanijibu, "Harusi itangoja. Mlima haingoji." Tulijaza kopo, tukalifunga kwa nguo. Kwenye ofisi ya mabasi, karani wa mizigo alipoambiwa ni chakula, aliinuka kwenye kiti chake na kukiweka kiti chenyewe juani, ili kopo likae pale kivulini alipokuwa ameketi. Sikujua jina lake, nikamwombea tu.

Kisha kimya. Gatwiri alikuwa mlimani, na mlimani hakuna mtandao.

Siku zilisogea kuelekea Idd. Soko la mifugo lilifurika mbuzi, kila mtu mjini ananunua, na sisi bado tuko ukurasa wa pili. Hapo ndipo Hinda alipopata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua. Alisema anaweza kumuuzia mamia ya linki kwa siku moja, na ukurasa wa kwanza atafika kabla ya Idd. Niliona jinsi alivyousoma ujumbe huo mara nyingi. Akaniletea.

"Ni watu gani hao watakaotutaja?" nikamuuliza.

"Si watu, ayeeyo. Ni kurasa tupu. Hazina msomaji hata mmoja. Ni kama kuwalipa watu wasionijua wazunguke sokoni wakipiga kelele jina la Osob."

"Na ukifanya?"

"Labda tutapanda kwa muda. Google ikigundua, itatutupa mbali, na hata wale waliotutaja kwa moyo hawatatusaidia tena." Akausoma tena. "Lakini Idd itakuwa imepita. Na mimi nitakuwa hapa."

Sikumwambia afanye nini. Nilitaka abaki kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule, na niliogopa mdomo wangu ungesema vibaya. Nilimmenyea chungwa tu. Alilila lote, akaufuta ujumbe, akaanza kukunja nguo zake na kuziweka kwenye begi. "Niliahidi," akasema.

Begi lilikuwa limejaa nusu Gatwiri alipoandika.

Hakutuandikia sisi. Aliandika kwenye blogu yake, habari ndefu yenye picha. Alisema karibu na kilele baridi iliwashika, mwenzao mmoja akawa hawezi kula kitu, kila akionja anatapika, na wakaanza kufikiri kumshusha. Gatwiri alifungua kopo letu, akapasha kijiko kimoja kwenye kifuniko cha sufuria. Samli ikayeyuka, harufu ya iliki ikajaa hema. Yule mgonjwa akaomba cha pili. Asubuhi alifika kileleni pamoja nao. Kulikuwa na picha ya kopo letu likiwa juu ya jiwe, lenye barafu pembeni, na chini yake Gatwiri ameandika mashallah. Kisha akaandika: "Hii ni Nyirinyiri ya Galbet, inapikwa na Mama Sahara, Mama Qabale na Hinda wa Garissa. Nilizijua habari za mvua yao kabla ya kujua wanauza nini." Na jina letu ukiligusa, unafika kwetu.

Hinda alinisomea akiwa amesimama. Alipofika kwenye majina, Qabale akamnyang'anya simu aendelee yeye, naye hajui kusoma. Tukacheka mpaka majirani wakachungulia ukutani.

Habari ile ilikimbia kuliko sisi. Vyama vya wapanda milima vikaichukua na kuweka linki yetu. Mwendesha baiskeli wa masafa marefu akaandika kwamba anataka kujaribu. Mama mmoja akatuweka kwenye orodha ya vyakula vya kumfungashia mtoto wa bweni. Hawa wote hatukuwaomba. Oda zilianza kuja kutoka miji ambayo sijawahi kuikanyaga, na ikatubidi kumwita Osob atusaidie kukata nyama. Alikata siku nzima bila kusema neno, na akabaki hata tulipomwambia apumzike.

Lakini Hinda hakufurahi kabisa. "Mashine yangu inatuonyesha mbele," akaniambia, "ila mashine yangu inatujua. Kila siku tuko pamoja. Inatupendelea. Siwezi kujua mpaka adeer aandike."

Najib alifika siku moja kabla ya Arafa. Tulienda kumpokea stendi, mimi, Hinda na Qabale. Begi la Hinda lilikuwa nyumbani, limefungwa, maana yeye hutimiza neno. Najib alishuka na mbuzi wa watu miguuni na vumbi kwenye ndevu, akatuamkia, na kabla hata ya kuchukua mzigo wake akatoa simu.

"Haya," akasema. "Tumalize."

Akaandika. Nilimwona akikunja uso.

"Mko juu," akasema. "Mko wa kwanza kabisa."

Qabale alifungua mdomo kupiga kigelegele, lakini Najib akainua mkono. Yeye ni mfanyabiashara, haamini bei ya kwanza. "Simu hii inamjua mama yangu. Nimefungua tovuti yenu mara ngapi? Hinda, umenichezea?"

"Huenda inakupendelea, adeer," Hinda akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia. "Usiiamini. Tafuta simu ya mtu asiyetujua."

Kulikuwa na kijana mmoja amekaa juu ya sanduku lake la vifaa, fundi wa mitambo ya sola kutoka Kitui, akingoja basi la kwenda Wajir. Najib alimsalimia, akamuuliza kama amewahi kula nyirinyiri.

"Nimesikia tu, mzee. Ni samaki?"

"Samaki!" akalia Qabale. "Ya Rabbi!"

"Basi andika neno hilo kwenye simu yako," Najib akamwambia, "unisomee unachokiona kwanza. Cha kwanza kabisa."

Kijana yule alitushangaa, lakini alikuwa na adabu. Aliandika. Mtandao wa stendi ni wa kusuasua, duara likazunguka, likazunguka. Hinda alinishika mkono.

"Imefungua," kijana akasema. Akasoma polepole. "Nyirinyiri ya Galbet. Nyama ya ngamia iliyokaushwa na kukaangwa kwa samli na iliki. Inapikwa na Mama Sahara na wenzake, Garissa."

Najib hakumngoja amalize. Aliichukua simu ya kijana wa watu mkononi mwake, akapanda juu ya kizingiti cha ofisi ya mabasi, akaisoma tena kwa sauti kama anayetangaza mwezi umeonekana. Abiria wakageuka. Makarani wakatoka. Karani yule wa mizigo akasema, "Hilo kopo nililipakia mimi!" Watu wakaanza kutoa simu zao na kuandika, mmoja baada ya mwingine. "Hata kwangu!" "Hata kwangu, ya kwanza!" Kigelegele cha Qabale sasa hakikuzuilika, na mbuzi wakaanza kulia kukijibu.

Hinda alikuwa amesimama wima, mtandio umeanguka mabegani, machozi yanatiririka, wala hayafuti. Najib aliteremka akamwendea.

"Adeer," Hinda akasema, "begi limefungwa, kama nilivyoahidi."

"Lifungue," Najib akamwambia. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo mimi niliisikia kwa kuwa nilikuwa karibu: "Na vitambaa? Duka langu linaweza kuonekana hivi?"

"Kuna watu mbele yako, adeer. Chengo ameomba nimsaidie blogu yake, na mwalimu wa Wajir. Utapanga foleni."

"Mimi niliyenunua laptopu?"

"Foleni, adeer."

Najib alicheka mpaka akajishika magoti. Na kijana wa Kitui, maskini, alikuwa bado anangoja kwa upole nyuma yake, kwa sababu basi la Wajir lilikuwa limeshaanza kunguruma na mwanangu alikuwa bado ameishika simu yake. Nilimtoa Najib simu mkononi nikamrudishia mwenyewe, nikamwomba radhi. Hakukasirika hata kidogo. Alipanda basi, akafungua dirisha, akatoa kichwa.

"Mama, na mimi nitaipata wapi hiyo nyama?"

"Si uko nayo mkononi?" akamjibu Qabale, akikimbia pembeni mwa basi. "Gusa hapo! Gusa jina letu!"

Nasi tukamwona akiinamisha kichwa na kugusa.